Mvua ya Kumwachilia Nadège

Mtu wa Bunia aliyetaka paa la kudumu alielekezwa kwa Liévin Unencan, na aliyemwelekeza hakukosa kumwonya: huyo mzee ana kichwa kigumu. Onyo hilo lilikuwa la haki. Liévin alikuwa fundi wa mapaa tangu ujana wake. Vitanda na viti hakutaka hata kuvisikia. Alisema kiti kikivunjika mtu anaanguka, wenzake wanacheka, naye anasimama anajipangusa. Paa likivunjika hakuna anayecheka.

Ukaidi wake ulionekana hasa katika jambo moja, na jambo hilo lilijulikana mtaa mzima. Mwanafunzi wake hakutoka kwa kuwa muda wa mafunzo umetimia, wala kwa kuwa wazazi wameleta mbuzi na kreti ya vinywaji kama ilivyo desturi kwa mafundi wengine. Aliachiliwa na mvua. Alijenga paa peke yake, tangu kupima hadi msumari wa mwisho, kisha wakangoja. Siku mvua kubwa ya upepo ilipokuja, Liévin aliingia chini ya paa lile na mtu wa nyumba yake, mara nyingi mkewe Bibiane, wakakaa humo hadi mvua ikatike. Mwanafunzi alibaki nje analowa. Paa likisimama imara, Liévin alimwita ndani, akampa mkono, na tangu saa ile kijana yule alikuwa fundi. Mwalimu anayeogopa kumweka mkewe chini ya kazi ya mwanafunzi, alisema, atawezaje kumtuma kwa wake za watu?

Bibiane alikuwa na maneno yake juu ya desturi hiyo. "Wanawake ingine bwana zao banabapelekaka matembezi," aliwaambia wenzake wa kanisani. "Miye wangu ananipelekaka kukaa mu nyumba ya batu, tuangalie kama itatuangukia." Wenzake walicheka. Hata hivyo mvua ilipoanza kunguruma, Bibiane ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua kitenge chake cha kujifunika.

Desturi hiyo Liévin hakuirithi kwa fundi yeyote. Aliianzisha mwenyewe kwa sababu ya kaka yake, Xavier.

Walikuwa wamezaliwa upande wa Mahagi, katika familia ya wakulima, Wakatoliki wa kusali kila jioni. Xavier ndiye aliyetangulia kujifunza ufundi. Mwalimu wake alikuwa na haraka ya kuhamia Ariwara kufanya biashara, akamwachilia katikati ya kiangazi, jua likiwaka, akimsifu mbele za watu. Paa la kwanza la Xavier lilikuwa la nyumba moja ya sala kijijini. Liling'aa, watu wakalipenda. Mvua ya kwanza ya mwaka ikaja na zoruba wakati waimbaji wanafanya mazoezi, upepo ukaliinua paa upande mmoja na kuliangusha ndani. Alikufa mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha.

Hakuna aliyempeleka Xavier gerezani. Wazee walikaa, familia ikatoa ilichotoa, maneno yakaisha. Kwa Xavier hayakuisha. Aliweka chini msumeno na nyundo, na tangu mwaka ule hakuweza kukaa chini ya paa lolote mvua ikinyesha. Likianza tone, alitoka nje akasimama uwanjani, hata pasipo mtu wa kumwona, hadi ikatike. Mapafu yake hayakustahimili. Liévin alimzika akiwa bado kijana, na akahamia Bunia na vyombo vya kaka yake ndani ya gunia.

Sasa tuje kwenye mambo ya komini, yaani serikali ya sehemu yetu ya mji, kwa sababu hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Vita vya Djugu, kaskazini yetu, vilikuwa vimejaza mji. Watu waliokimbia vijiji vyao walikaa chini ya maturubai pembezoni mwa mji, na vijana wao walishinda barabarani wakingoja mtu awaite kubeba mzigo. Katika mkutano wa bajeti, ule ambao kila mtaa hutuma wajumbe wake waseme wanataka nini, wajumbe walisema kwa sauti moja kwamba vijana hao wafundishwe kazi. Ambroise, mkuu wa ofisi ya bajeti, alilipigania ombi hilo mbele ya wakubwa hadi likaingia katika bajeti na mstari wake. Vijana watano wangejifunza ufundi wa paa kwa Liévin, na kazi yao ingekuwa kuezeka vyumba vitano vya kufundishia ushonaji karibu na soko dogo la mtaa. Kila mmoja chumba chake, kila mmoja paa lake. Ukitekelezwa vizuri, mwakani ungeongezwa, na vijana wengine wengi wangeingia.

Kulikuwa na sharti moja. Mstari usiotekelezwa wote hadi mwaka wa bajeti kufungwa hauingii katika bajeti inayofuata. Sharti hilo liliwekwa kwa nia njema, maana huko nyuma watu walizoea kuanza kazi na kuiacha njiani. Lakini fedha zilizopaswa kufika mwanzoni mwa mwaka zilifika katikati yake, na hakuna sharti lililosema lolote juu ya hilo.

Wanafunzi wanne waliwahi mvua za Oktoba na Novemba. Liévin na Bibiane walikaa chini ya mapaa yao, moja baada ya jingine, na wote wanne wakaachiliwa. Wa tano alikuwa Nadège.

Nadège alikuwa msichana pekee kati yao, mrefu, asiyesema sana, aliyekuwa anaishi na mama yake chini ya turubai katika kambi ya waliokimbia vita. Mwezi wa tisa alikwenda upande wa kwao kumzika mjomba wake, barabara ikafungwa nyuma yake kwa sababu ya mapigano, akakwama huko majuma mengi. Aliporudi alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Msumari wa mwisho wa paa lake ulipigwa Desemba ilipoingia, na mvua ilikuwa imeshakwisha. Mbingu ya Bunia ikawa safi, vumbi jekundu likaanza kupanda barabarani. Kila mtu aliyejua desturi ya mzee alijua maana yake: mvua nyingine kubwa ingekuja Machi.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Liévin hakumwambia mtu. Chumba cha Nadège kilikuwa cha mwisho, upande unaopokea upepo wote wa bonde. Liévin alifundisha kuweka mbao mbili za kukinga upepo, kila moja upande wake. Nadège alizipishanisha, akazifunga kwa bolti pale zilipokutana. Alipoulizwa, alijibu kwa ufupi, "Huu upepo wa huku hautoke upande moja tu, papa." Liévin alipanda ngazi, akaangalia, akashuka, akapanda tena. Hakuweza kusema ni vibaya. Hakuweza kusema ni vizuri pia, kwa sababu hakuwahi kuona paa lililofungwa hivyo, na kwa mtu wa umri wake jambo hilo lilimkera kuliko alivyotaka kukiri.

Ambroise alikuja kwake asubuhi moja, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema.

"Papa Liévin, mvua ya kweli itarudi mwezi gani?"

"Mwezi ya tatu. Pengine mwisho ya mwezi ya pili, kama Mungu anapenda."

"Na bajeti inafungwa mwezi hii. Weye mwenyewe unaona."

"Naona, chef. Lakini mvua haiko mufanyakazi wa komini."

Ambroise alicheka bila kutaka. Kisha akatoa wazo lake, na ilionekana alikuwa amelifikiria njiani. "Basi nitaleta lori ya maji. Tutamwanga maji juu ya ile paa mbele ya batu yote, weye na maman mukae ndani, na picha tutapiga."

"Maji haiangushake paa," Liévin alisema. "Ni upepo. Upepo nayo utaniletea na lori?"

Ambroise alikaa kwenye gogo la mti wa libuyu, akakunja mikono. "Banakuheshimu ku mutaa," alisema hatimaye. "Unaweza kuandika jina yako tu. Ile paa iko muzuri, kila mutu anaiona. Usipoandika, batasema ligne, ile mustari yetu, haikumalizika, bataitosha mu bajeti. Kuko vijana benye bameisha kujiandikisha kwa mwaka unaokuja. Utabaambia nini?"

"Nitabaambia bangoje."

"Bajeti haingojake, papa."

Alipoondoka aliacha mezani brevet ya Nadège, cheti chake cha ufundi, imeshapigwa mhuri, imebaki nafasi ya jina la mwalimu. Bibiane aliiweka ndani ya kabati ili kuku wasiichafue, na siku ile hawakuizungumzia.

Nadège mwenyewe alikuja Jumapili baada ya misa. Alikataa kukaa. Mjenzi mmoja aliyetoka Butembo alikuwa anaanza kazi kubwa mwezi wa kwanza, maghala ya wafanyabiashara, mapaa marefu. Alikuwa amekubali kumchukua kama fundi.

"Kama niko na brevet," Nadège alisema. "Bila brevet, banasema mwanamuke atabeba mbao tu."

"Ngoja mvua, mutoto yangu."

"Mwezi ya tatu ile kazi ya chantier itakuwa na batu yake, papa."

Liévin alikuwa anapangusa randa ambayo haikuwa na uchafu.

"Papa, kuko musumari moja yenye hukuniona nikipiga?"

"Hakuna."

"Kuko ubao moja yenye ulinikatalia?"

"Hakuna."

"Basi unaogopa nini?"

Angeweza kumweleza habari za Xavier. Wanafunzi wake wengine waliijua desturi bila kuijua asili yake, na siku ile ilikuwa siku ya kusema. Hakusema. Badala yake akatoa sauti ya ukali, ile ya fundi kwa mwanafunzi. "Paa siyo ya kubishana. Inasimama ao haisimame."

Nadège alimtazama. "Siye tunalala chini ya bâche," alisema taratibu. "Mama yangu anakohoa. Mvua yenye weye unangoja, siye hatuitamani." Akaaga kwa heshima, akaenda zake. Liévin alibaki na randa yake mkononi, akiona haya, na haya hiyo haikumfanya abadili neno.

Mkutano wa bajeti ulifanyika katika ukumbi wa komini, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Wajumbe wa mitaa walikaa mbele, watu waliotaka kusikiliza wakasimama nyuma, na kati yao alikuwa Nadège. Ambroise alisoma mistari: mitaro, soko, takataka, kisha wanafunzi wa kazi. Alimwita Liévin mezani, akamsogezea kalamu na karatasi ya kuthibitisha kwamba wote watano wameachiliwa.

Liévin alikuwa amevaa koti lake la harusi na mazishi. Alisimama akaisoma karatasi hadi mwisho, akaiacha kalamu mezani.

"Miye siwezi kuandika," alisema. "Banne banatoka. Wa tano anangoja mvua. Munipatie mpaka mwezi ya tatu, nitaandika mbele yenu yote."

Mama mmoja mjumbe, muuza samaki mkavu, aliinuka. "Papa, ile paa iko mubaya?"

"Sikusema iko mubaya."

"Basi iko muzuri?"

"Sijue," Liévin alisema. Hilo lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililommaliza Nadège, maana fundi anayesema hajui kazi ya mwanafunzi wake anasema vibaya kuliko anayesema ni mbovu.

Ambroise alijaribu. Aliomba mstari uandikwe kwamba umetekelezwa isipokuwa sehemu ndogo. Wakubwa wakamkumbusha sharti, lile lile alilosaidia kuliandika. Mstari ukaondolewa, fedha zake zikapelekwa kwenye taa za barabarani, na mkutano ukaendelea na habari za takataka. Liévin aligeuka kumtafuta Nadège kwa macho. Mahali aliposimama palikuwa na mtu mwingine.

Noeli ile haikuwa na furaha nyumbani kwa Liévin. Vijana waliokuwa wamejiandikisha kwa mwaka unaofuata walipita mbele ya uwanja wake bila kumsalimu, na aliona wana haki. Wale wanne walioachiliwa walipata kazi. Juu ya Nadège habari ilikuja kupitia mama yake, ambaye Bibiane alimkuta kwenye mgao wa unga kambini: msichana alikuwa amekwenda Bambu, kwenye machimbo ya dhahabu. Mama yule alisema hivyo tu, akageuza uso, akaendelea kungoja zamu yake.

Bibiane alirudi nyumbani, akaweka kikapu chini, akabaki amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke wa mizaha, na siku ile hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Ameenda Bambu," alisema. "Mutoto yenye alikuwa anapima ubao mara mbili mbele ya kukata."

Akaingia ndani, akasimama mbele ya Liévin.

"Miye naikalaka chini ya mapaa yako miaka yote hii sikusema kitu. Leo nitasema. Ule mutoto hakumuua mutu. Ni Xavier ndiye aliua, na Xavier alisha kufa. Unamwazibu huyu juu ya yule."

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumwambia Liévin maneno hayo akabaki kumsikiliza. Alitoka akaenda kukaa karibu na mbao zake. Alilia, mzee yule, kwa hasira kwanza, kisha kwa huzuni. Hata hivyo hakuandika jina lake kwenye ile brevet. Alijua kwamba kuandika sasa, bila mvua na bila mstari, kungekuwa kujituliza moyo mwenyewe, wala kusingemsaidia Nadège kwa lolote.

Mvua ilikuja Machi, mchana, baada ya siku za joto lililobana kifua. Upepo ulitangulia. Uliinua vumbi la soko dogo, ukang'oa miavuli ya wauzaji, watu wakakimbia na mabeseni yao kichwani. Liévin na Bibiane walikuwa njiani tayari, wakikimbia kinyume na watu. Waliingia chumba cha mwisho, wakakaa kwenye benchi la washonaji, bega kwa bega, kitenge kimoja juu ya wote wawili.

Mwanzoni Liévin hakuthubutu kuinua macho. Alisikiliza. Fundi wa mapaa anajua sauti zake: msumari unaolegea una sauti yake, ubao unaojipinda una sauti yake. Zoruba ilipiga kutoka bondeni, kisha, kama alivyosema Nadège, ikageuka na kupiga kutoka upande wa pili. Vyumba vile vingine vililia kidogo, naye akavisikia. Hiki hakikulia. Akainua macho. Zile mbao mbili zilizopishana zilikuwa zinavutana, upepo ukisukuma moja, nyingine inaishika, na bati halikutikisika hata kwenye kona. Hakuna tone lililoingia. Bibiane alifunua kitenge, akaona hakina kazi, akakikunja mapajani.

Mvua ilipokatika, Liévin alisimama, akaenda mlangoni kama alivyozoea, amwite mwanafunzi aingie. Nje palikuwa na maji yanatiririka na kuku mmoja aliyelowa. Alisimama hapo na mkono wake umeshanyooshwa nusu. Katika maisha yake alikuwa ameumia mara nyingi, lakini maumivu ya saa ile alisema baadaye yalikuwa ya peke yake, kwa sababu hakuwa na wa kumlaumu.

Jioni ile ile aliandika jina lake kwenye brevet. Barabara ya Bambu haikuwa ya kuaminika, kwa hiyo alingoja hadi waendesha pikipiki waliporudi wakisema imetulia, akapanda nyuma ya mmoja wao, brevet ndani ya shati, akashikilia chuma kwa mikono miwili njia nzima ya vilima na matope.

Machimbo yalikuwa upande wa kilima kilichochunwa hadi udongo wake mwekundu ukabaki wazi. Aliuliza, na haikuwa vigumu kumpata. Kila mtu alimjua msichana wa miti. Nadège alikuwa amepiga magoti kando ya mdomo wa shimo, anachonga magogo ya kaliptusi. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa mikono ya fundi hasa.

Alisimama alipomwona. "Papa. Ulifika."

"Mvua ilikuja," Liévin alisema. "Na zoruba. Ilipiga huku na huku. Paa yako ilisimama."

"Nilijua," Nadège alisema.

Hakulisema kwa kisirani. Alilisema kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. Liévin alitoa brevet, akampa kwa mikono miwili. Nadège alijipangusa matope, akaisoma yote, akaikunja vizuri.

"Ile chantier ya mjenzi?" aliuliza.

"Ilisha kuwa na batu."

"Na ligne ya komini?"

"Baliitosha."

Nadège aliitikia kwa kichwa. Liévin akaona huu ndio wakati, akamweleza. Alimweleza kilichomtokea Xavier, na mama aliyekuwa ananyonyesha, na jinsi kaka yake alivyokuwa anasimama uwanjani mvua ikinyesha. Alisema vibaya, akirudia maneno. Mwisho akasema, "Hukukosea kitu. Ni miye niliogopa. Unisamehe, mutoto yangu."

Nadège alirudi kwenye magogo yake. Wanaume walikuwa wanakusanyika na taa zao kichwani, na mwenye shimo, ambaye huko wanamwita PDG, alikuwa anawahimiza. Ndipo Liévin alipoangalia magogo yale kwa makini, akaelewa kazi ya Nadège ilikuwa nini. Alikuwa anatengeneza fremu za kushikilia udongo huko chini, ili njia za wachimbaji zisiwaangukie.

"Nani anazijaribu?" Liévin aliuliza.

"Hakuna." Sauti yake ilibadilika kwa mara ya kwanza. "Mwanamuke haingiake mu shimo. Banasema zahabu inapotea. Miye nazifunga hapa juu, naonyesha namna ya kuzisimamisha, bo banaume banaingia. Kila siku naikala hapa nabangojea. Papa, sijawahi kuziona zikiwa zimesimama."

Liévin alijua usingizi wa mtu wa namna hiyo ulivyo. Alikuwa ameuona kwa kaka yake, na hakuwa tayari kuuona tena. Alivua koti, akampa alishike, akamfuata PDG.

"Batu yako bangoje kidogo," alimwambia. "Miye ndiye mwalimu wa huyu."

PDG alitaka kubisha, kisha akamwangalia mzee usoni akaacha. Mmoja akampa taa. Liévin alishuka ngazi ya magogo kwa taratibu, magoti yakimuuma, hadi mwanga wa juu ukawa mdogo. Njia ilikuwa nyembamba, akaenda ameinama. Fremu za Nadège zilifuatana mbele yake, na katika kila moja miti ilikuwa imepishana na kufungwa pale ilipokutana. Alifika ya mwisho, akazima taa ili asikie vizuri, akakaa chini kwenye udongo uliolowa.

Aliogopa, na hakuna haja ya kuficha. Udongo ulikuwa unasema juu yake, kokoto zilianguka hapa na pale, maji yalidondoka. Alisikiliza mti mmoja baada ya mwingine. Alikaa hadi woga ukachoka, kisha akakaa tena, maana kazi ilikuwa bado.

Alipotoka, jua lilimpiga machoni, matope yamemjaa mgongoni. Nadège alikuwa amesimama pale pale, koti la mzee limekumbatiwa kifuani. Liévin akampa mkono. Kisha akawageukia wanaume waliokuwa wanangoja, akijua vizuri kwamba tangu leo neno hili lingekuwa juu ya kichwa chake pia.

"Muingie," akawaambia.